Wimbo wa Kijapani wa Marehemu Saada

Usiku ule sikulala kwa usingizi, nililala kwa kuchoka kulia. Mume wangu, Baba Saada, ilikuwa siku ya tano hajala. Kiharusi kilimshika upande wa kulia, kikabeba na maneno yake yote, nami nikasema haidhuru, kwa jinsi alivyokuwa msemaji acha masikio yangu yapumzike. Ndo utani wangu huo. Lakini alipoanza kukaza meno kila nikimletea uji, utani ulinikaukia mdomoni. Nesi wa zahanati alikuja, akamfunua macho, akaniambia kwa ile sauti yake ya puani: "Bibi, eeh, asipopitisha kitu mpaka kesho jioni, eeh, mimi sina tena la kufanya, eeh." Alipotoka tu nikamwigiza, eeh, eeh, nikacheka peke yangu, halafu nikakaa chini pale pale mlangoni nikashindwa kuinuka.

Kitu kimoja bado alikuwa nacho. Kila nikimkalisha, aliguna sauti tatu, mm, mm, mmm, ile ya mwisho inapanda, kisha ananyamaza, anatazama mlango. Huo ndo mwanzo wa wimbo wa Saada. Anamsubiri mwenyewe aendelee. Na Saada, binti yetu, tumemzika, mwaka wa tatu huu.

Niwaeleze. Wajapani walipokuja kujenga barabara yetu, Baba Saada alikuwa mpishi wao kambini, mie naosha vyombo, Saada anapeleka sahani mezani. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, waliwasha mashine ya karaoke bwaloni: muziki unapiga bila mwimbaji, maneno yanapita kwenye televisheni, yanageuka rangi kadiri yanavyoimbwa, mtu anashika maiki anaimba mwenyewe. Walizozipenda zaidi zilikuwa nyimbo za mwanamama mmoja wa kwao, nyimbo za taratibu, za mapenzi yaliyovunjika. Wanaume wazima, mikono imejaa lami, wanalia! Saada akaushika wimbo mmoja kwa masikio tu, hajui maana ya neno hata moja, akauimba mpaka bosi wao akavua kofia. Bosi yule Kiswahili chake kilikuwa cha neno moja moja, na kila neno anainama: "Mama. Samahani. Chumvi. Kidogo."

Sasa wale watu walikuwa na mila yao. Kila mtu ana wimbo wake. Siku moja dereva mmoja wa hapa kwetu akauanza wimbo wa bosi. Papo hapo mtu akazima mashine. Mkalimani ndo akatueleza: wimbo wa mwenzio huugusi, mpaka mwenyewe akukabidhi maiki kwa mikono miwili. Baba Saada akaishika mila hiyo kama aliyoachiwa na babu yake. Saada alipofariki, homa ya siku tatu tu, baba yake alisimama uani akasema: "Wimbo ule asiuimbe mtu humu ndani." Mie nimewaigiza watu wote wa mtaa huu, sheikh, mbunge, mpaka mbuzi wa jirani. Sauti ya mwanangu sikuigusa. Juzi, nilipobanwa na dhiki, nilijaribu kuguna kidogo tu. Mzee akageukia ukuta, chozi likamtoka kwenye lile jicho linalofanya kazi. Nikajua nimekwama. Anautaka wimbo ule, na hataki mtu auimbe.

Ndipo usiku ule nikajikuta kambini, mchana kweupe. Bwalo liko vile vile, viti vya plastiki, harufu ya samaki wa kukaanga. Watu hakuna. Mashine inawaka yenyewe. Nilikuwa nimebeba bakuli la uji, na uji ule hauna uzito. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Saada na sinia tupu, amejifunga ile kanga yangu ya njano niliyokuwa nikimnyima. Nikakumbuka kwamba amekufa, kisha nikaona si jambo la kuulizana.

"Umekonda," nikamwambia. "Huko hawapiki?"

"Mama, usinichekeshe. Nina haraka."

Naweka bakuli mezani, na meza si meza tena, ni kitanda cha baba yake. Bwalo limekuwa chumba chetu, ila televisheni ya Wajapani iko ukutani. Maandishi yao yanapita, kama vijumba vijumba, yanageuka rangi. Mie hata ya Kiswahili siyajui kuyasoma. Baba Saada amelala, ananitazama kama mgeni. Anaguna. Mm, mm, mmm. Saada amesimama miguuni pa kitanda, mdomo kaufunga.

"Endelea," namwambia. "Anakusubiri wewe. Anakufa kwa kukusubiri."

Anapangusa sinia kwa pindo la kanga.

"Saada, mwanangu, imba. Mara moja tu, ale, kisha uende zako."

Napiga magoti. Mie niliyemcheka kila mtu, nampigia magoti mtoto niliyemzaa. Chini si sakafu tena, ni udongo mwekundu wa makaburini, mbichi, unanilowesha. Namshika kanga, inapita vidoleni kama mvuke wa sufuria.

"Sauti yangu haiko huku, mama. Iko kwako."

"Kwangu haipo."

"Mbona ya nesi unayo?"

Nikacheka. Wallahi, katikati ya kilio nikacheka, naye akacheka, lile cheko lake la kuziba meno kwa kiganja. Halafu uso wake ukatulia. Akawa na maiki, sijui kaitoa wapi. Akaishika kwa mikono miwili, akainama kama wao.

"Mwambie baba nimekukabidhi."

Sikupokea. Nasema kweli. Niliiogopa maiki ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, maana nikiipokea basi yeye haimbi tena, hata ndotoni. Nikaficha mikono nyuma kama mtoto anayeogopa kuchapwa viganja. Anangoja. Ameinama, anangoja, na kwenye televisheni rangi inakaribia kuyamaliza maandishi. Nyuma yangu Baba Saada anaguna, safari hii sauti mbili tu. Ya tatu haikuja.

Nikatoa mikono yote miwili.

Nikaamka mikono iko hewani. Kumeshapambazuka, nyumba kimya. Nikamgusa mwenzangu kifua: kinapanda, kwa taabu, lakini kinapanda. Nikaupasha uji, nikamwegemeza kwenye mito. Meno kayakaza vile vile.

"Baba Saada, Saada kaja. Kasema nikwambie amenikabidhi. Kwa mikono miwili."

Akanitazama muda mrefu, ananipima kama ni ule mzaha wangu. Nikamwacha anipime. Kisha akaguna zile sauti tatu, akanyamaza, na mlango hakuutazama. Alinitazama mie.

Nikaitoa sauti ya mwanangu. Nyembamba, inatetemeka kidogo pumzi inapokata, na yale maneno ambayo humu ndani hakuna aliyewahi kuyaelewa. Iliniuma kutoka kama siku niliyomzaa mwenyewe. Mdomo wa mzee ukalegea. Nikatia kijiko. Akameza.

Wimbo ulipoisha alikuwa amemeza vijiko vinne, mdomo ukajifunga tena. Nikamfuta shavu, la kwangu nikaliacha lilowe, nikaanza upya.