Pikipiki Kama Alivyoinunua

Mume wangu alipofariki, vitu vyake vya kijijini viligawiwa huko huko, kaburi likiwa bado bichi. Vya Nairobi watu wa kwao walivifuata nyumbani kwetu Umoja. Koti likaenda kwa binamu, redio kwa jirani wa utotoni, viatu kwa yule vilivyomtosha. Pikipiki ikabaki ya mwisho, na mdogo wake anayeishi mtaa wa Fedha alikuwa ameshaikalia kabla haijatajwa. Mjomba wao, aliyeongoza kikao, akasema pikipiki ni kitu cha mwanamume na mwanamume aliyebaki ni huyo.

Nikawaambia kwamba sehemu kubwa ya ile pikipiki nimeitengeneza mimi. Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Walinichekea kama mtoto aliyesema amepika ugali peke yake. Shemeji akanieleza kwa upole kwamba kumshikia mtu spana si kutengeneza. Mama mkwe alikuwa palepale kwenye kochi, hakusema neno.

Mimi nimefanya kazi Industrial Area miaka mingi, kwenye mashine ya kukereza vyuma. Kukereza ndiyo kazi ninayoijua. Pikipiki ile ya Kiingereza ilikuwa kuukuu kuliko sisi wote wawili, nzuri kuitazama na adhabu kuihudumia. Chini ya injini haikuwa na kizibo cha kumwagia oili. Ilibidi ufungue bamba zima huku oili ikikuteremkia hadi kwapani. Ukitaka kurekebisha klachi, utoe ekzosi, utoe kanyagio, kisha kifuniko chote cha ubavuni, gasketi ichanike, ukae chini kukata nyingine. Mume wangu mkono wake wa kulia uliumizwa kiwandani, vidole vikakosa nguvu, na kila alipoigusa pikipiki hiyo nilimsikia akiilaani mpaka majirani wanafunga madirisha.

Basi nikaingia kazini. Chumba tulichoongeza mbele ya nyumba kikawa karakana, na meza ya kulia chakula nikaifungia jiriwa la kubania vyuma. Nilikata bamba jipya la alumini, nikalitoboa katikati na kulitia kizibo cha shaba. Kwa wauza vyuma chakavu nilipata kifuniko kingine cha ubavuni, nikakitoboa tundu na kulikerezea mfuniko mdogo unaofunguka kwa sarafu. Ekseli ya nyuma nayo nikakereza mpya na kuichomelea mpini, ikawa inavutika bila nyundo. Mume wangu hakutaka kitu cha zamani kikatwe, kwa hiyo vipande vya awali tuliviweka kwenye gunia juu ya kabati.

Kikao kilipokuwa kinafungwa, mjomba alinigeukia, maana aliona uso wangu. "Ataichukua kama marehemu alivyoinunua," akasema. "Isipungue hata nati moja."

"Sawa," nikamwambia. "Kama alivyoinunua."

Wageni walipoondoka nilishusha gunia. Nilitoa bamba langu, kifuniko changu na ekseli yangu, nikarudisha vya awali kimoja kimoja, nikakaza kila nati vizuri kabisa ili asiwe na la kulalamikia. Tangu msiba sikuwa nimeonja raha kama ile. Shemeji alikuja Jumamosi, akaifuta tangi kwa leso, akaondoka nayo. Chini hakuangalia.

Simu ya kwanza ilikuwa ya oili. "Shem, hii kitu oili inatokea wapi?" Nikamwelekeza hatua kwa hatua, kwa sauti tamu, na mwishoni nikamkumbusha aandae nguo za kutupa. Kisha klachi ikaanza kuteleza, akaisukuma kando ya Outer Ring Road juani, amevaa suti ya kanisani. Mafundi wa bodaboda wakaitazama, wakamrudishia. Kila nilipokata simu nilikaa kitini nikacheka peke yangu. Sikumwonea huruma, na hadi leo sijaipata hiyo huruma.

Mwishowe akaja mwenyewe, kucha nyeusi, akauliza yale mambo ya kufungua kwa sarafu, aliyokuwa akimwona nayo kaka yake, yalikwenda wapi. Nikamwambia yapo, na ni yangu. Pikipiki sikuitaka. Nilitaka mtu mmoja wa ukoo ule aseme kwa kinywa chake kwamba fundi wa ile pikipiki nilikuwa mimi, tena aseme mbele ya wale walionicheka. Awalete, nami nitavifunga vyote siku hiyohiyo.

Mjomba alikataa kuja. Shemeji akamleta mama yake. Tuliketi sebuleni, nikapanga vipande vyangu juu ya gazeti, na shemeji akavionyesha kwa kidole.

"Mama, hizi vitu ni shemeji alitengeneza," akasema. "Mimi nilimdharau. Fundi alikuwa yeye."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo kwa hamu mbaya, na ilipokuja ilinitosha. Nikainuka kuchukua spana. Ndipo mama mkwe akaongea, akikigeuza kile kizibo cha shaba kiganjani.

"Hiyo najua," akasema. "Mwanangu alikuwa ananiambia kila akipiga simu. Bibi yangu ametengeneza hii, bibi yangu ametengeneza ile. Hata siku ile tukigawa, nilikuwa najua."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Wangesema mtoto wangu alikuwa anatengenezewa na mwanamke."

Nikaiweka spana mezani. Na shemeji nilikuwa nimeshamalizana; aliyebaki ni mama yake. Nikammiminia mama mkwe chai, nikamtilia sukari anavyopenda, nikaketi mbele yake nikitafuta pa kuanzia.