Bomba Jipya la Delbert

Delbert Wojtas hakuwa mtu wa mambo mengi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha gia hapa mjini Flint tangu ujana, mpaka walipompa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Starehe yake ilikuwa moja tu: gari jekundu la michezo, la milango miwili, alilolinunua kabla hajaoa. Msimu wote wa baridi lililala gerejini kwake limefunikwa shuka safi, maana barabara zetu humwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi ile hula chuma bila huruma. Hata theluji ikiisha, hakulitoa mpaka mvua mbili tatu kubwa zioshe lami. Mkewe, Bernadine, alizoea kusema kwamba laiti angefunikwa yeye namna ile, angekuwa bado msichana.

Pamoja na shuka zote hizo, mwaka ule bomba la moshi lilioza. Sailensa, kile chombo cha kupunguza mlio, ilidondoka mbele ya kanisa, watu ndio kwanza wanatoka ibadani. Aibu iliyoje!

Gari wakalipeleka kwa Lonnie Pruitt, fundi wa mabomba ya moshi na rafiki wa Delbert wa siku nyingi. Lonnie akatandaza mabomba ya aina mbili sakafuni. Moja lilikuwa na sailensa mbili, ya katikati na ya nyuma. La pili lilikuwa na moja tu, ya nyuma.

"Hili la kwanza ni la wachungaji," Lonnie alisema. "Hili la pili, ndugu yangu, ukikanyaga mafuta mtaa mzima unatoka nje."

"La kwanza," alisema Bernadine.

"Shemeji, hata hujalisikia!"

"Kwani lazima? Ninyi mnasimama nyuma ya bampa na vikombe vya kahawa, mnasifia. Mimi ndiye ninayekaa ndani kwa muda wa saa nne mpaka kwenye pai."

Kila Julai, cheri zikiiva, yale matunda madogo mekundu, Delbert na mkewe walipanda kaskazini hadi ziwani kula pai ya matunda hayo, tangu enzi za uchumba. Miaka mingi Bernadine alipika hospitalini zamu ya usiku na Delbert alikuwa kiwandani mchana, kwa hiyo mazungumzo yao yote ya maana waliyamalizia humo garini. Delbert aliipenda safari hiyo kuliko gari lenyewe, ila hakuwahi kumwambia mtu.

"Na ukinitilia makelele, Delbert, mwakani utakula pai peke yako. Nimeshasema."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi, wapenzi wa magari tulipokutana kwenye uwanja wa duka kubwa kama kawaida yetu, Lonnie alileta gari lake lenye bomba la aina ile ya pili. Wazee wazima wakajipanga nyuma yake, macho wamefumba, wakisikiliza kama watu wanaoonja mchuzi. Wote wakasema hilo hilo. Jumatatu Delbert akafungiwa bomba hilo kwenye gari lake.

Mjini liliimba vizuri, sikatai. Lakini Julai, walipoingia barabara kuu kwenda ziwani na kushika mwendo, likaanza kuvuma. Lilivuma sakafuni, vitini, mpaka menoni. Bernadine akasema kitu. Delbert, kwa kuona haya ya kumwambia arudie, akaitikia kwa kichwa: "Ndiyo, ndiyo!" Bernadine akamtazama kwa mshangao, akasema tena. "Ndiyo, mke wangu!" Basi Bernadine akatabasamu, akatulia mpaka ziwani.

Walipomaliza pai, Bernadine akanyoosha mkono mezani. "Haya, lete funguo."

"Funguo za nini?"

"Si umesema niendeshe mimi kurudi? Nimekuuliza mara mbili, umeitika mara mbili."

Hakuna binadamu aliyewahi kugusa usukani ule zaidi ya Delbert. Akakohoa, akapangusa mdomo, akazitoa.

Bernadine aliendesha vioo wazi, akikanyaga mafuta kweli kweli. Delbert, kwenye kiti cha abiria, sasa akaujua mvumo ule kama alivyoujua mkewe, kichwa kikimgonga. Roho ikamuuma. Miaka yote hiyo ya maongezi, naye ameyauza kwa sifa za wanywa kahawa!

"Bernadine!" akapaza sauti. "Mwakani utakuja?"

"Ndiyo, ndiyo!" akajibu, macho barabarani, akiitikia kwa kichwa vile vile alivyoitikia yeye. Delbert akanyong'onyea. Hakuthubutu kuuliza tena.

Nyumbani Bernadine akazima injini, na mvumo ukakatika. Funguo akazitia mkobani mwake.

"Kesho nalirudisha kwa Lonnie," Delbert alisema kwa unyonge. "Atie lile la wachungaji."

"Atie. Na mwakani tutoke mapema, mimi siendeshi gizani. Halafu nataka nikusikie vizuri ukinilalamikia njia nzima."