Karatasi ya Tonton Gaston

Harufu ya baruti iliyokwisha kuungua hukaa kooni muda mrefu, chungu kidogo, kana kwamba umelamba msumari. Ilinipata South Beach, Durban, asubuhi iliyofuata Diwali, nilipotoka chumbani na begi mgongoni bila mpango wowote, kama nilivyozoea kuondoka katika miji mingine. Usiku kucha watu walikuwa wamerusha fataki ufukweni. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia vipande vya karatasi nyekundu kando ya barabara, na kila ufagio ulipopita harufu ile iliamka upya. Nilisimama kwenye robot ya barabarani nikingoja taa igeuke kijani. Iligeuka, ikarudi nyekundu, nami nilikuwa bado nimesimama. Nilikuwa nimerudi utotoni, Berea, kwenye chumba cha kufulia cha Tonton Gaston.

Mwaka ule tulipanga chumba cha uani katika nyumba kuukuu juu ya kilima, mahali ambapo ukipanda ukuta unaona kreni za bandari. Baba, mtu wa Kigoma, alipakia malori Clairwood. Mama alizaliwa Uvira, na kilichomfanya apendwe na mwenye nyumba ni Kifaransa chake, kwa kuwa babu za mzee yule walitoka Mauritius. Kwa hiyo tulimwita Tonton, kama mjomba. Alikuwa mgane, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alikuwa na bunduki moja ndogo ya kuwindia paa. Aliifungia kwenye kabati la chuma, na kibali chake akakitundika ukutani karibu na picha ya marehemu mkewe. Risasi za dukani hakuzitaka. Alijaza zake mwenyewe, mojamoja, pale palipokuwa pakifuliwa nguo zamani.

Majira yale ya baridi mikono yake ilianza kutetemeka. Akamwomba Mama ampimie baruti, nami nikaingia nyuma ya Mama kwa sababu sikuwahi kuona mlango uliofungwa nikauacha. Kazi yangu ilikuwa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Niliyaosha kwa maji ya moto na ndimu hadi yakang'aa kama pete, nikayaanika kwenye sinia, kisha nikayachambua: lenye ufa kando, lililopinda mdomo kando. Tonton alikandamiza viwashio vipya kwenye matako ya maganda, kwa mashine ya mkono iliyolia kama bawaba ya mlango. Mama alidondosha punje nyeusi za baruti kwenye mizani ndogo, akishusha pumzi taratibu asije akazipeperusha.

"Tonton, iko sawa?"

"Bado, Mama. Mshale umepita mstari. Toa punje mbili."

"Punje mbili! Kwetu hata chumvi hatupimi hivi."

"Ndiyo maana mchuzi wako Jumapili ulinitoa machozi."

Mama alicheka hadi mizani ikayumba, ikabidi waanze tena. Alipenda kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa Tonton haba na haba hupasua kibaba, kwa maana baruti ikizidi kidogo tu inaweza kuharibu bunduki na uso wa mwenye bunduki. Kwa hiyo walianza chini, wakapanda hatua ndogondogo. Niliuliza maswali hadi Mama akanitishia kunifunga mdomo kwa kitambaa. Kwa nini msibadilishe baruti, na kichwa cha risasi, na kina cha kukikandamiza, vyote leo, tumalize? Tonton hakunifukuza. "Binti," aliniambia, "ukibadili vitu vitatu na risasi ikaenda vizuri, utamshukuru nani? Ikienda vibaya, utamlaumu nani? Badili kimoja. Kapige. Tazama karatasi. Kisha urudi."

Karatasi ndiyo ilikuwa hakimu. Kila Jumamosi alfajiri rafiki yake alimchukua kwa gari hadi uwanja wa shabaha nje ya mji, na mchana alirudi na karatasi zenye matundu. Mwanzoni matundu yalitawanyika kama kuku walioona mwewe. Wiki baada ya wiki yakasogeleana. Tonton alichukua sarafu ya randi moja, akaiweka juu yake, na kutazama kilichobaki nje. Alikuwa ameapa kwamba siku sarafu itakapoyafunika yote, atakwenda Underberg, chini ya milima, ambako shemeji yake alikuwa na shamba, akawinde paa mara ya mwisho kabla mikono haijamshinda kabisa. Na sisi angetuchukua. Mimi ningeona theluji, na ningeona ganda nililolisafisha likifanya kazi yake. Nilimuuliza kwa nini asiende tu na risasi alizokwisha kujaza. "Mkono wangu umeanza kunidanganya," akasema. "Sitaki na risasi inidanganye. Mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani hufa na jina lako."

Jumamosi moja aliondoka akipiga mluzi. Wiki iliyotangulia tundu moja tu lilikuwa limechungulia nje ya sarafu, na yeye na Mama walikuwa wamegusa kitu kimoja tu, kina cha kichwa. Asubuhi hiyohiyo Baba aliingia uani mbio. Kulikuwa na lori la kwenda Cape Town, dereva alikuwa rafiki yake, na huko kazi zilikuwa nzuri zaidi. Mahali pa mbele daima palikuwa pazuri zaidi kwa Baba. Mwenda bure si mkaa bure, alituambia, huenda akaokota.

"Tungoje mchana, baba Zaina," Mama akasema. "Tonton analeta karatasi."

"Lori halingoji karatasi, mke wangu."

"Na kuaga je?"

"Tutapiga simu."

Mama aliifunika mizani kwa kitambaa safi. Maganda yangu yalikuwa bado juani kwenye sinia. Simu ilipopigwa, baada ya muda mrefu, iliita bila kupokelewa.

Simlaumu Baba, kwa sababu miguu yake ndiyo niliyorithi. Shule niliiacha mapema. Kila nilipoanza kuuelewa ubao wa mwalimu mmoja tulihamia kwa mwingine. Baadaye nikahama peke yangu. Nimeuza nguo, nimesuka nywele, nimetengeneza simu, na kila nilipoondoka nilibadili vyote kwa pamoja: mji, kazi, marafiki, hata kanisa. Penye raha sikujua raha ilitoka wapi, na penye uchungu vivyo hivyo. Niliporudi Durban nilipanda Berea nikakuta wanafunzi wamejaa katika nyumba ile, na chumba cha kufulia kimekuwa jiko. Hakuna aliyemjua mzee mwenye kofia ya sufu. Sitajua kamwe kama sarafu iliyafunika matundu, wala kama alirudi na karatasi mkononi akitafuta wa kumwonyesha.

Kutoka kwenye robot ile nilikwenda kituo cha teksi, nikabadili gari Pietermaritzburg, na jioni nikashuka Underberg. Theluji haikuwapo, msimu wake ulishapita; milima ilikuwa ya kijani. Nyuma ya saluni nilimpata mama wa Bukavu mwenye chumba cha kupangisha.

"Karibu, dada. Lakini nikuambie kweli, dirisha inapiga kelele na kitanda iko chini yake. Ukitaka, kesho kuna kingine kwa jirani."

Siku nyingine ningekuwa nimekwisha kubeba begi. Nilitazama kitanda, dirisha, taa iliyoning'inia kwa waya.

"Acha, mama. Nisaidie kusogeza kitanda tu."

"Na dirisha?"

"Dirisha tuliache hivyohivyo. Nilale kwanza, nione."

Tulishika kila mtu upande wake, tukakisogeza hadi ukuta wa pili.