Kadi ya Nane

Chuo nilichofundisha kompyuta kilikuwa juu kidogo ya mji wa Lushoto, kwenye jengo la mawe ambalo kila aliyenitembeza aliniambia lilijengwa na Wajerumani. Nilipomuuliza mmoja wao anajuaje, alisema kila mtu anajua. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi na majibu ya namna hiyo yalikuwa yananiwasha mwili.

Mwaka ule tulikuwa na wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho katika somo la mitandao, na seva moja tuliyopewa msaada. Mtihani wao wa vitendo ulitungwa na kusimamiwa na watu wa nje. Kila mtahiniwa alipaswa kupewa mashine pepe yake, yaani kompyuta isiyo na mwili inayoishi ndani ya seva, na kila mashine iwe na kadi yake ya mtandao. Swali la kwanza lilikuwa kuiwasha kadi hiyo na kuiunganisha. Asiyekuwa na kadi hakuwa na swali la kwanza, na bila la kwanza mfumo wa mtihani haukufungua la pili.

Seva ilikuwa na kadi moja tu. Hilo halikutusumbua, kwa sababu kadi za aina ile zinaweza kujigawa. Kadi moja ya kweli inajionyesha kama kadi nyingi ndogo, kila mashine pepe inakabidhiwa ya kwake na kuamini hakuna mwingine anayeitumia. Karatasi ya mtengenezaji ilisema nane. Wanafunzi wanane, kadi nane. Mkuu wa chuo, ambaye pia alikuwa mzee wa usharika, alisimama wakati wa matangazo Jumapili akasema hesabu hiyo ameipanga Mungu.

Hesabu ya Mungu ilivunjwa na draiva. Draiva ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa. Mfumo hauna namna nyingine ya kusema na kadi. Niliandika amri ya kuigawa kwa nane, ikakataliwa. Nikaandika saba, ikapita kimya. Nikauuliza mfumo kikomo ni ngapi, ukajibu saba. Kifaa kinasema nane, draiva inasema saba, na anayesikilizwa ni draiva.

Nilifungua msimbo wa draiva nikausoma mstari kwa mstari, nikitafuta uvivu wa mtu fulani aliyekaa kwenye ofisi yenye joto na kuamua saba zinatosha. Sikuukuta. Nilichokuta ni kwamba fungu moja la kadi linabakizwa kwa ajili ya seva yenyewe, ili nayo iwe na njia ya kutoka. Sikuridhika. Nilikiondoa kikomo, nikaijenga draiva upya, nikaiwasha. Kadi nane zikatokea. Seva ikapotea mtandaoni, na maswali ya mtihani yalikuwa yanakuja kupitia seva hiyohiyo. Nikairudisha draiva kama ilivyokuwa. Nilishuka hadi Mombo kwa wauza vifaa vya mitumba kando ya barabara kuu nikapata kadi ya pili, kuukuu, lakini haikuwa ya kujigawa na mfumo wa mtihani uliikataa mara moja.

Nilipomweleza mkuu alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

“Kwa hiyo kadi inajitengea kwanza yenyewe. Kama mwenyekiti wa ushirika.”

Nami nilicheka. Kisha akasema basi mmoja asubiri, na asubiri aliyejiunga mwisho.

Aliyejiunga mwisho alikuwa binti wa wachuma chai. Baba yake alitoka upande wa Kigoma, mama Iringa, walikutana kwenye shamba la chai na binti alizaliwa kambini, ng'ambo ya Mgwashi. Wenzake wote walikuwa watoto wa wenyeji, wenye migomba na makaburi ya mababu hapohapo. Walikuwa wanamwita wa kambini, na kazi za nyumbani zikiwashinda walimfuata awafanyie. Alikuwa bora kuliko wote kwa umbali ambao hata wao hawakuubishia. Na jambo hili lilikuwa na uzito siku hizo, kwa kuwa hospitali moja ya mlimani ilikuwa imesema itamwajiri yule atakayeongoza kwenye mtihani huo. Nafasi ilikuwa moja. Mtihani ungerudi mwaka unaofuata, nafasi isingerudi.

Mpango ulikuwa rahisi. Mtihani ulitakiwa kuchukua asubuhi yote, lakini mwanafunzi wa kawaida angeumaliza mapema zaidi. Mfumo ulimruhusu mtahiniwa kuanza wakati wowote kabla ya adhuhuri, mradi ameanza. Kwa hiyo wa kwanza kumaliza angenyanyuka, angesaini kutoka kwa msimamizi mlangoni, na hapo tu mfumo ungeiachia kadi yake, nami ningemkabidhi binti. Niliwaeleza wote darasani. Wakaitikia.

Kijana mmoja wa Lukozi, ambaye kwa alama alikuwa wa pili kila mara, alimgeukia binti kwa upole mwingi.

“Dada, wewe usiwe na wasiwasi. Nyie kwenu mmezoea kungoja lori la majani.”

Darasa likaangua kicheko. Wachuma chai hukaa barabarani na vikapu vyao hadi lori la kupima majani lifike, mvua inyeshe, jua liwake.

“Lori huwa linakuja,” binti alijibu, akaendelea kuandika.

Msimamizi alifika asubuhi ya mtihani kutoka Tanga, mzee mwenye mvi aliyejifunga mtandio shingoni, baridi yetu ikimtesa. Wanafunzi wote walisimama wakamwamkia shikamoo kwa sauti moja, akaitikia marahaba akawaambia wakae. Naye akakaa karibu na mlango na gazeti lake. Binti alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Kupitia dirisha niliona kisogo chake na kola ya sweta ya chuo, aliyokuwa ameipiga pasi.

Kwenye skrini yangu niliziona mashine zote saba. Wa Lukozi alimaliza wa kwanza, mapema kuliko nilivyotarajia. Majibu yake yalikwenda, kadi yake ikatulia. Nikangoja anyanyuke. Hakunyanyuka. Nilimwendea nikamwambia kwa kunong'ona kwamba anaweza kutoka.

Alinyoosha kidevu kumwelekea msimamizi. “Mwalimu, mzee amekaa.”

Sikumwelewa, akanifafanulia bila haraka. Wao wamelelewa kwamba kijana hanyanyuki mbele ya mkubwa aliyeketi mpaka mkubwa anyanyuke. Ni kweli, nimeshakula kwenye nyumba zao, nimeona watoto wakikaa mbele ya sahani tupu kwa sababu babu bado anatafuna. Nimeona pia, siku za mpira, kijana huyuhuyu akimpita mkuu wa chuo mlangoni kwa bega.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwomba awaruhusu. Alishusha gazeti, akanitazama kwa subira, akasema hawezi kumwambia mtahiniwa atoke. Muda ni haki yake mpaka dakika ya mwisho. Anayetaka kutoka, mlango ni ule. Nilitafuta kosa kwenye maneno yake, kama nilivyolitafuta kwenye ile draiva, na sikulipata.

Nikasema kwa sauti, darasa zima lisikie, kwamba aliyemaliza yuko huru kwenda. Nyuso saba zilitazama skrini. Wa pili alikuwa ameshamaliza, kisha wa tatu na wa nne. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anaupandisha na kuushusha ukurasa uleule, akiwa amekunja uso kama mtu anayefikiri. Mmoja wa nyuma alisema kitu chini kwa Kishambaa na mabega ya jirani zake yakatikisika. Kishambaa changu ni cha kununulia viazi, lakini neno lori nililisikia.

Ningeweza kuing'oa kadi ya mmoja wao kwa amri fupi. Mfumo ungelisoma hilo kama hitilafu na kufuta mtihani wa wote wanane. Hilo nalo walilijua, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe.

Binti aligeuka mara moja akachungulia dirishani. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, hakunitazama mimi. Nadhani alikuwa amemaliza kuelewa kabla yangu. Akageukia tena ukuta.

Adhuhuri ilipoingia mfumo ulifunga mlango wa kuanza. Msimamizi alikunja gazeti akasimama, na wote saba wakasimama pamoja naye. Akashangaa.

“Mbona wengine mlimaliza zamani na hamkutoka?”

Wa Lukozi aliinamisha kichwa. “Tulikuwa tunakuheshimu, mzee.”

Mzee yule aliguswa, ilionekana kabisa. Alimwambia mkuu wa chuo kwamba huko mjini vijana wameharibika, na hakujua bado kuna mahali wanalelewa hivi. Mkuu alifurahi akamshika mkono. Niliwaeleza wote wawili kilichotokea, kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza. Mkuu alisema nimechoka, twende tukale. Msimamizi alisema anasikitika sana kwa binti, lakini mfumo ukishafunga yeye hana ufunguo, na lazima ashuke mlima kabla ukungu haujafunga barabara.

Binti aliingia wengine wakitoka. Alipita katikati yao, nao walimpisha vizuri.

“Sasa ziko wazi ngapi, mwalimu?”

“Saba,” nilisema. “Zote.”

Alikaa kwenye mashine iliyo karibu. Mtihani ulikuwa umefungwa lakini mashine pepe zilikuwa bado hai. Niliikabidhi mojawapo kadi, naye akaandika amri zake bila kusita. Kadi ikawaka, ikapata anwani, ikajibu. Alikuwa ameanza hatua ya pili wakati mkuu alipochungulia mlangoni.

“Binti, njoo uwasaidie kunawisha wageni. Jikoni wapo wachache.”

Alitoa mikono kwenye kibodi, akajifuta kwenye sketi, akaenda.

Mezani alizunguka na birika na beseni, akipiga magoti kwa kila mtu kama inavyotakiwa. Wanafunzi saba walikuwa wamealikwa kula na mgeni kwa heshima ya adabu zao. Alianza na msimamizi. Mzee alinawa taratibu, akafuta vidole kwa taulo lililokuwa begani mwa binti, akamuuliza kwa huruma ya kweli kama naye anasoma hapo.

“Nilikuwa nasoma, mzee,” alisema, akasogea kwa aliyefuata.