Mashine ya Karani Ilivyomwambia Mume Wangu Ninapojificha

Mashine iliyoniandika vizuri kuliko mtu yeyote maishani mwangu ndiyo nusura initoe roho.

Msinicheke. Someni kwanza.

Mimi ni fundi cherehani. Mkono wangu wa kushoto haunyooki vizuri, na aliyeuvunja ni mume wangu. Siku nilipotolewa plasta nilimbeba binti yangu, nikatoka na nguo za mwilini, nikajificha kwa nesi mmoja ambaye ni mteja wangu.

Mume wangu hakujua nilipo. Hicho tu ndicho kilikuwa kinaniweka hai, na wala sitii chumvi. Alishasema mbele ya watu: "Nikimpata, ule mkono utakuwa cha mtoto."

Nesi akanipeleka kwa wakili tuombe zuio la mahakama, yaani amri ya kumkataza mume wangu asinisogelee.

Wakili mwenyewe alikuwa mtu wa mbio mbio, simu haitoki sikioni. Kazi yote ilikuwa kwa karani wake, dada mmoja mchangamfu, mdomo haufungi. Pale ofisini walimwita Chapchap.

"Unaishi wapi sasa hivi?" akaniuliza.

Nikaangalia mlango.

"Usiogope, dada. Hiyo ni ya faili letu tu, tujue pa kukupata."

Nikamtajia. Mtaa, nyumba, mpaka rangi ya geti.

Basi Chapchap akanigeuzia kompyuta, uso umejaa fahari. "Sogea uone maajabu."

Akanieleza kwamba zamani, maombi kama yangu walikuwa wanachukua ya mteja wa jana, wanafuta majina, wanaandika ya leo. Wanafuta hapa, wanasahau pale. Kuna mzee wa watu alisimama mbele ya hakimu, karatasi yake inasema eti ni mjamzito.

Nilicheka mpaka mkono ukauma.

"Sasa nimetengeneza kiolezo," akasema. "Maombi yako tayari, yana mapengo tu. Naandika jina lako mara moja. Hapa nachagua mwanamke. Yenyewe inajua wewe ni Bibi, yeye ni Bwana, wewe mke, yeye mume. Inajaza kila pengo, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho."

Akabonyeza. Khaa! Kufumba na kufumbua, maneno yote yamekaa mahali pake.

"Halafu kuna jambo limenikera miaka," akaendelea. "Zamani mwanaume anaandikwa jina, kazi na makazi. Mwanamke anaandikwa 'mke wa fulani', basi. Nikasema hapana. Sasa hivi wote sawa. Jina, kazi na makazi."

Nikamwambia Mungu ambariki. Nilisema kwa moyo wote, jamani. Wakili akasaini huku anabishana na mtu kwenye simu.

Siku niliyoitwa kuchukua nakala yangu yenye muhuri, nilitembea naisoma njiani. Ukurasa wa kwanza: jina langu kamili, na mbele yake, fundi cherehani. Sio mke wa. Sio mama wa. Nilisikia raha ambayo sijui niielezeje.

Nilipofika nilimpa mtoto chai, nikakaa, nikafungua ukurasa wa pili.

Jina langu tena. Kazi yangu tena.

Na makazi.

Mtaa. Nyumba. Geti la bluu.

Nikafungua wa tatu. Yapo. Wa nne. Yapo. Kuanzia ukurasa wa pili, kila mashine ilipoweka jina langu, imeweka na mahali ninapolala na mwanangu.

Nikampigia Chapchap.

"Dada, nakala ya mume wangu iko wapi?"

"Tarishi ameondoka nayo asubuhi. Kuna nini?"

"Fungua ukurasa wa pili."

Nikasikia kipanya cha kompyuta kikibofywa. Halafu: "Mungu wangu."

"Mwite tarishi arudi!"

"Ngoja nimpigie kwa simu ya mezani." Nikamsikia anaongea, sauti inapanda, inashuka. Aliporudi alikuwa analia. "Ameshamkabidhi. Amepokea kwa kidole gumba."

Bila shaka kwa kidole gumba. Mume wangu hajui kusoma. Alianza kupakia mizigo kwenye malori akiwa mdogo, shule akaisikia kwa wenzake. Ni siri yake kubwa, na ukiitaja unakula kibao.

Mtu mwingine angesema afadhali. Mimi ndio nikazidi kuogopa, kwa sababu nilikuwa najua anayemsomea kila kitu ni nani.

Mama yake.

Mama mkwe wangu alijifunza kusoma ukubwani na anasoma kama maji. Huyo ndiye aliyekuja kuniona nimefungwa plasta, akakaa kitandani, akasema: "Vumilia, mwanangu. Ndoa ndiyo hiyo." Tangu siku ile nilimhesabu upande wa mwanawe.

Nikapiga simu polisi. Wakaniambia nitulie, gari likipatikana watakuja. Nitulie! Nesi yuko zamu hospitalini, hapokei simu. Nikaanza kutupia nguo kwenye mfuko, viatu vya mtoto sivioni.

Geti likagongwa.

Nilimvuta binti yangu tukaingia chini ya meza. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Mkono mwingine nimeshika mkasi wa kukatia vitambaa.

"Hodi! Fundi!"

Sauti ya mama mkwe.

Nikajua nimekwisha. Amemleta. Yeye anaita, mwanawe amejibanza ukutani anasubiri nifungue.

Mtoto akaniponyoka kiganjani. "Bibi! Bibi amekuja!"

Nikamziba mdomo tena, nimeshachelewa.

"Niko peke yangu," sauti ikasema, chini chini. "Fungua, mwanangu. Watu wataniona."

Nilichungulia kwenye upenyo wa geti muda mrefu. Kweli alikuwa mwenyewe, kanga imemteleza begani, anahema kama aliyekimbia. Nikafungua nikiwa na mkasi mkononi. Aliuangalia. Akaingia, akafunga komeo mwenyewe.

"Amekuletea ile karatasi?" nikamuuliza.

"Ameleta. Kanisimamia kichwani nimsomee."

"Ukamsomea?"

"Yote. Alivyokuvunja nimemsomea mara mbili, asikie." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Nilipofika pa makazi yako nikasoma: anaishi mahali panapojulikana na mahakama peke yake."

Mkasi nikaushusha.

"Haijaandikwa hivyo, mama."

"Najua haijaandikwa hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa naisoma."

Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa sauti kama mtoto. Naye hakunibembeleza. Alikuwa anatupia nguo zetu kwenye mfuko.

"Ondokeni sasa hivi. Hakuridhika. Kaipiga karatasi kidole, kasema mbona hapa umesoma haraka. Atatafuta mwingine amsomee."

"Na wewe, mama?"

"Mimi mamaye. Atanifanya nini?"

Alisema hivyo, lakini zipu ya mfuko ilimshinda kufunga. Halafu akasema bila kuniangalia: "Baba yake alinivunja mbavu. Mimi hakuna aliyenificha."

Nikamshika mkono. Tukatokea mlango wa uani, watatu, wala sikumuuliza kama anataka.

Jioni ile muuza duka alimsomea mume wangu ile karatasi. Alifika, akang'oa geti la nesi wa watu, akakuta nyumba tupu. Lile gari la polisi lilikuwa limepatikana, limechelewa kwangu lakini kwake likawahi. Walimkuta sebuleni anapasua cherehani niliyoazimwa, karatasi ya mahakama iko mfukoni mwake.

Yuko ndani. Atatoka siku moja, najua. Sitawadanganya kwamba uoga umeisha.

Chapchap nilimsamehe. Alinililia magotini, na nia yake ilikuwa njema kuliko ya wengi. Ila ndugu zangu, mnaojaza fomu na mnaotengeneza mashine za kujaza fomu, shikeni hili. Kabla hujafurahia jinsi ulivyoandikwa, uliza nani mwingine atasoma. Mashine haijui unamkimbia nani. Wewe unajua, kwa hiyo sema, hata wakikuona msumbufu.

Siku hizi kwenye kile kiolezo kuna pengo jipya. Chapchap anauliza, "Kuna mtu unamwogopa?" Ukijibu ndiyo, anaweka alama, na makazi yako yanafutika kwenye kila nakala. Badala yake mashine inaandika: anaishi mahali panapojulikana na mahakama peke yake.

Wakili huwaambia watu hayo ni maneno ya kisheria. Mama mkwe akisikia hivyo anacheka mpaka anashika mbavu.