Meli Isiyofungika

Kwa miaka ishirini na sita, mwanamke tuliyemwita Mama Fundo alifunga meli. Sisemi alisimamia, wala sisemi alikaa ofisini akaandika kwamba zimefungwa. Alizifunga kwa mikono yake. Meli ikikaribia gati, mabaharia walio juu hurusha kamba nyembamba yenye kitonge kizito mwishoni. Watu wa chini huidaka na kuivuta, nayo huja na kamba yenyewe, nene kama paja la mtu mzima, yenye kitanzi. Kitanzi hicho huvishwa kwenye chuma kifupi kinene kilichopandwa ndani ya saruji. Vyuma hivyo tuliviita visiki. Gati letu lilikuwa na visiki kumi na viwili, na yeye alivijua kama mtu anavyowajua wanawe.

Nilifanya kazi chini yake miaka tisa, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na sauti yake ilimsimamisha mtu aliye mwisho wa gati bila redio. Wanaume walimcheka siku alipoajiriwa. Siku ya tatu akafungua fundo lililokuwa limewatoa jasho watu wanne tangu asubuhi. Kicheko kikaishia hapo, na jina likaanzia hapo. Baadaye akawa mnyapara wetu, na akamwingiza kazini mdogo wake wa tumbo moja, kijana aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. "Huyu msimwonee huruma," alituambia. "Kamba haijui kama ana dada."

Alipoanza kazi, meli za kitalii zilikuwa za watu mia nne, mia sita. Wageni walishuka, wakatembea polepole, wakaingia kwenye duka la mume wake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiuza kofia na vikapu katika mtaa unaopanda kutoka bandarini. Walijaribu kofia mbele ya kioo, wakacheka, wakauliza njia. Kisha zikaja meli za elfu mbili, kisha za elfu tatu na nusu, mpaka ikatua ile ya watu elfu sita, bila kuhesabu wafanyakazi wake. Ghorofa kumi na nane juu ya maji! Jengo refu kuliko yote mjini kwetu lina saba. Ikifungwa, kivuli chake kilivuka barabara na kulala juu ya shule ya msingi, walimu wakawasha taa za darasani saa nne asubuhi. Mitambo yake haikuzimwa kutwa nzima, maana viyoyozi na mabwawa ya kuogelea havikai bila umeme, na majirani walianua nguo zikiwa chafu kwa masizi kuliko walipozianika.

Tuliambiwa tuvumilie, kwa sababu watu wengi maana yake ni biashara nyingi. Jioni ya siku ya kwanza Mama Fundo alipitia dukani kwa mumewe.

"Baba watoto, umepata wateja?"

"Mia mbili, mke wangu."

"Mia mbili! Wamenunua nini?"

"Wameuliza choo kiko wapi."

Ilikuwa kichekesho, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya meli walikuwa na migahawa, maduka, ukumbi wa michezo, na hata kofia. Walimwagwa mjini kwa saa sita, wakajaa barabara kama siafu, na king'ora kilipolia wakarudi kula chakula walichokwisha kulipia. Mji ukabaki na takataka zao na moshi.

Yote hayo Mama Fundo angeyameza. Kilichomkaa rohoni ni visiki.

Visiki vyetu vilipandwa miaka arobaini iliyopita kwa ajili ya meli za mizigo, ambazo zikishapakia hukaa chini zaidi majini, upepo ukapita juu yake. Meli ya kitalii ya ghorofa kumi na nane ni ukuta uliosimamishwa majini. Upepo ukiupiga ubavu, ukuta wote unataka kuondoka, na kinachouzuia ni kamba na visiki, basi. Baada ya safari ya nne ya ile meli, Mama Fundo aliona ufa kwenye saruji ya kisiki namba tisa. Mwanzoni ukucha ulipita. Mwezi uliofuata ikapita ncha ya penseli. Aliupiga picha kwa simu, akachora mstari wa rangi pale ulipoishia, akaandika tarehe pembeni. Mara tatu alipeleka barua kwa meneja wa bandari. Mara ya tatu alimfuata ofisini, nami nikiwa nyuma yake.

"Mama, wahandisi wamepiga hesabu," meneja alisema, macho kwenye kompyuta. "Wewe funga tu."

"Waje waipige hapa gatini siku ya upepo, huku wameshika kamba."

"Unajua ni bandari ngapi zinaililia meli hii?"

"Sijakuuliza nani anaililia. Nimekuuliza kisiki kitashika?"

Alitoka ameuma meno mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Saa mbili asubuhi upepo wa baharini ulikuwa umeanza, na bendera za gatini zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa pasi. Mama Fundo aliomba kwenye redio meli isubiri nje. Aliyejibu ni wakala wa kampuni ya meli, kijana mtanashati mwenye adabu ya kukera: "Ratiba haiwezi kusubiri, mama." Tukaifunga. Ilipofika saa tano upepo ukaongezeka, meli ikasogea hatua nzima kutoka gatini, kamba zikaanza kutoa sauti ambayo mfungaji yeyote akiisikia nywele zinamsimama. Mama Fundo akapaza sauti, "Nyuma wote! Mbali na kamba!" Tukarudi mbio.

Hapo meneja akaja mwenyewe, amevaa kofia ngumu mpya isiyo na hata mkwaruzo. Nahodha alikuwa ameomba kamba mbili za ziada sehemu ya nyuma.

"Hakuna mtu anayekwenda pale," Mama Fundo alisema.

"Nani mkuu hapa, wewe au mimi? Juu kuna watu elfu nane! Wewe na wewe, nendeni!"

Mmoja wa wale wawili alikuwa mdogo wake. Alimtazama dada yake, akamtazama meneja, kisha akakimbia kwenda, kwa sababu mtu mwenye mke na mtoto mchanga hajui kumwambia mkuu wa bandari hapana. Hakufika. Kisiki namba tisa kiling'oka na kipande cha saruji, mzigo wote ukahamia kwenye kamba ya jirani, nayo ikakatika. Kamba ya namna ile ikikatika haidondoki. Inarudi kama mjeledi, na hakuna jicho linaloiona. Tulisikia mlio mmoja, na kufumba na kufumbua alikuwa chini, mguu wa kushoto umepondwa chini ya goti.

Dada yake ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alivua mkanda wake, akalifunga paja kwa nguvu ileile aliyofungia meli, akawa anamwambia, "Nitazame mimi. Usitazame huko. Nitazame mimi." Boti za kuvuta zilikuja zikaisukuma meli irudi gatini. Na juu kwenye sitaha watu walikuwa wamejipanga, simu mkononi, wanapiga picha. Muziki wa bwawani haukuzimwa. Nasema tena, haukuzimwa. Niliusikia mpaka gari la wagonjwa lilipoondoka.

Mguu ulikatwa mchana huohuo. Saa kumi na moja jioni meli iliondoka, kwa ratiba.

Baada ya siku nne wakala alifika nyumbani kwa Mama Fundo, sebule ndogo yenye makochi mawili na cherehani. Alileta karatasi na mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na kofia mbili zenye picha ya meli.

"Pole sana, mama. Na wewe, mzee. Kampuni imeguswa."

Mume wake, yule mwalimu, alizigeuza zile kofia, akazirudisha mfukoni. "Kofia ninazo," akasema.

Karatasi ilisema kwamba majeruhi alisimama mahali alipokatazwa na mnyapara wake. Walichotaka ni saini ya mnyapara huyo. Yaani dada amtie mdogo wake hatiani kwa kutumia amri yake mwenyewe, ile amri ambayo meneja aliikanyaga! Mama Fundo aliisoma mara mbili.

"Mbona humu hamna meneja?" akauliza.

"Hayo ni mambo ya ndani ya bandari, mama. Hii itarahisisha bima."

"Kijana, una dada?"

"Ninaye."

"Nenda kamsomee hii. Akikuambia ni sawa, rudi nitasaini."

Hakurudi. Badala yake tulipata tangazo la mkutano wa halmashauri. Kampuni ilikuwa inaunda meli nyingine, ya watu elfu tisa, na ilitaka gati lirefushwe mpaka kwenye ufukwe wa shule. Ukumbi ulijaa. Ukutani walionyesha picha ya meli hiyo: ina msitu ndani yake, na barafu ya kutelezea. Wakala akaeleza kwamba meli kubwa hubeba wengi kwa mafuta machache kwa kila mtu, na kwamba dunia inakwenda mbele.

Mama Fundo aliinuka bila kuitwa.

"Mbele ni wapi?" akauliza. "Nilianza na meli ya watu mia sita. Nani alilalamika kwamba ni wachache? Mkaleta elfu tatu. Mkaleta elfu sita. Hamjajifunza bado kuzifunga, tayari mnaunda ya elfu tisa. Na mkishaiunda, mnakuja kwetu: ongezeni gati, chimbeni bahari, sogezeni shule. Mgeni gani huyu anayenenepa kusudi, kisha akifika mlangoni kwako anataka ubomoe ukuta apite? Mnasema mafuta machache kwa kila mtu. Mimi nahesabu moshi unaoingia darasani, na huo haugawanywi kwa kila mtu. Hizi hapa picha za ufa. Hizi hapa barua zangu tatu. Mdogo wangu yuko wodini. Nani kati yenu atakwenda kumwambia kwamba mnataka kubwa zaidi?"

Wengine walipiga makofi. Wengine, nisiwe mwongo, walimzomea, hasa madereva wa teksi waliokuwa wakisubiri meli kwa hamu. Mmoja alimwambia usoni kwamba anawaziba riziki. Halmashauri ikaahirisha uamuzi, maana kuahirisha ndiyo kazi wanayoiweza.

Wiki mbili baadaye ileile ya ghorofa kumi na nane ikarudi. Kisiki namba tisa kilikuwa kimepandwa upya kwa saruji ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, juu wamekipaka manjano kikapendeza. Upepo ulikuwa umeanza. Mama Fundo alikigusa kwa kiganja, akasimama, akavua glavu zake, akaziweka chini.

"Haifungwi," akasema.

Hakutuomba tumfuate. Tulikuwa kumi na watatu, na nakumbuka jinsi glavu zilivyokuwa zikidondoka moja baada ya nyingine, zangu zikiwemo. Meneja alikuja anakimbia.

"Unajua unachokifanya wewe?"

"Najua kufunga meli. Ndiyo maana siifungi hii."

Kamba nyembamba ilirushwa kutoka juu, kitonge kikagonga saruji mbele ya miguu yetu, hakuna aliyeinama. Ikarushwa tena. Ile meli, na ukubwa wake wote, na msafara wake wa mabwawa na migahawa, ilirudi nyuma, ikasimama nje ya bandari kwa saa mbili kwa sababu watu kumi na watatu wamekunja mikono. Kisha ikageuka ikaenda zake.

Tulisimamishwa kazi sote. Lakini safari hii habari ilikuwa imevuka milima, na wakaguzi wa usalama kazini wakalazimika kuja. Walivipima visiki vyote kwa mashine. Vitano kati ya kumi na viwili havikufaa hata kwa meli ya nusu ya ile. Meli kubwa zikazuiwa kwenye gati letu. Sisi tukarudishwa kazini, na meneja akahamishwa makao makuu, kwenye kiti kikubwa zaidi. Mama Fundo wakamwondoa gatini, wakampeleka getini kufungua na kufunga kizuizi cha malori. Kampuni haijaomba radhi mpaka leo. Ilihamishia meli zake bandari ya jirani, mwendo wa saa tatu kwa basi, kana kwamba huko kamba hazikatiki na watu wana miguu ya akiba. Mdogo wake anatembea kwa mguu wa bandia na anakaa dukani na shemeji yake. Kesi yake ya kudai fidia ina mwaka wa tatu.

Mwezi uliopita mnyapara wa bandari ile ya jirani alimpigia simu Mama Fundo. Ile meli ya elfu tisa imekamilika, na imepangiwa gati lao. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alipanda basi la asubuhi, nami nikamsindikiza. Wafungaji kumi na mmoja walitungoja kwenye kantini yao. Aliwaeleza kutwa nzima wakague nini, waandike nini, wamtume nani, na amri gani wasiitii hata ikitolewa na nani. Chai ikapoa mbele yake.

Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, akauliza, "Mama, na wakitufukuza?"

"Wanaweza," akasema. "Sitawadanganya. Mimi walinitafutia pa kuniweka, nikawafungulie malori. Ule mguu wa mdogo wangu hawajautafutia pa kuuweka."

Yule mzee akavuta kiti karibu, akamwomba kalamu ayaandike.