Nilimpa Mwanamke wa Kichina Maneno ya Jirani Yangu

Nilimsikia kabla sijamwona. Cherehani yake ilianza kunguruma upande wa pili wa ukuta siku ile ile niliyohamia mtaa wa Nengo. Kosa ni langu peke yangu, na ninalisema hapa kwa sababu mtaani siwezi.

Mimi nasimulia filamu. Kwenye kibanda chetu karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani, naketi kando ya skrini na maikrofoni, naweka Kiswahili juu ya lugha za watu. Kikantoni cha filamu za Hong Kong sikijui. Hakuna anayejali, mradi nisinyamaze. Nyumbani naandika riwaya ambayo haiishi.

Jirani yangu ni mke wa mtu. Mume yuko Kigali kikazi, huja mara chache. Hatukugusana hata vidole. Tuliongea tu, kila mmoja mlangoni kwake. Alasiri moja ya mvua aliniambia, macho yakiwa kwenye kitenge, kwamba siku yake huanza anaposikia nakohoa ukutani. Nisipokohoa, hupima nguo za watu vibaya.

Jumapili nikaweka filamu ya zamani ya Hong Kong. Mwanamume na mwanamke wanapendana, hawasemi. Wanapishana ngazini, wanatazama mvua. Mama mmoja mbeba mizigo akauliza, "Bon, hawa Wachina wataongea lini?" Kibanda kizima kikacheka. Niliona aibu, kana kwamba mapenzi yale yalikuwa yangu.

Basi nikampa yule mwanamke maneno ya jirani yangu. Ukuta, kikohozi, nguo zilizopimwa vibaya. Nikamfanya hata awe fundi cherehani. Kicheko kikafa, mtu akapenga kamasi, na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona mwandishi!

Wote wanajua ninapoishi, na ni fundi gani yuko upande wa pili wa ukuta wangu. Kesho yake jirani yangu alipofika mpakani kununua vitenge, wanawake wa mizigo wakakohoa, mmoja baada ya mwingine. Wakamwuliza kama leo atapima vizuri. Wiki haikuisha, mama mkwe wake akamwita aende kwao Busasamana, akajieleze mbele ya ukoo.

Wewe unayependa kusikilizwa, nakusihi: ulichoambiwa kwa sauti ya chini kiache hapo hapo. Nilikuwa na maneno yote ya dunia, nikachukua yake.

Alikuja kwangu asubuhi ya safari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumbani mwangu, na hakukaa. Nikamwambia tutakwenda wote, nitawaeleza kwamba nilitunga, kwamba hakuna kitu kati yetu.

"Ile maneno nilikupatia wewe," alisema. "Haikuwa ya watu."

Nikasema tena kwamba nitawaambia nilitunga.

"Usikuje. Ukisema ni uongo, na ile sauti yako, ndiyo watajua ni kweli."

Akachukua mfuko wake, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, mpaka ukafungika.